Nimesimulia hadithi miaka hamsini, riwaya naanzia wapi?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Pangani, ana miaka 61, nalifupisha. Anasema ametoa hadithi tangu ana miaka kumi hivi, alirithi kwa bibi yake, mpaka leo anaitwa kwenye shughuli na mashuleni. Mjukuu wake alimrekodi kwa simu halafu akachapa kila kitu kwenye kompyuta, zikafika kurasa 340. Ndani mna ngano za sungura na fisi, mna visa vya majini, na mna kisa kimoja cha bibi yake mwenyewe, aliyeletwa Pangani akiwa mtoto mdogo, baba yake alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya mkonge. Wakapeleka kwa mchapishaji mmoja, wakakaa miezi minane, likarudi jibu la mstari mmoja: mswada hauendani na mahitaji yetu kwa sasa. Anauliza kosa liko wapi, ni umri, ni lugha au ni hadithi zenyewe, na afanyeje mpaka aione riwaya yenye jina lake juu ya jalada. Akaniambatanishia kurasa sita nionje.

Shikamoo mama. Mi ni mhariri wa vitabu, kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa sasa, na hizo kurasa sita nimezisoma mara mbili, ya kwanza kama mhariri, ya pili kama mtoto aliyelelewa na bibi maana nilijikuta nazisoma kwa sauti jikoni.

Tuanze na umri tuumalize haraka. Marehemu mzee Haji Gora Haji alizaliwa Tumbatu mwaka 1933, elimu yake ni ya chuo cha Kurani, kazi yake uvuvi na ubaharia, na maisha yote watu walimjua kwa mdomo wake. Diwani yake ya Kimbunga ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1994. Piga hesabu mwenyewe, alikuwa na miaka 61, umri wako huohuo, na baada ya hapo akaja kutoa na riwaya, Siri ya Ging'ingi. Kwa hiyo umri tuutoe mezani. Mchapishaji hata hajui una miaka mingapi labda umwandikie mwenyewe kwenye barua (na nyie mmeandika, mstari wa kwanza kabisa, siku nyingine msiandike, pale juu weka hadithi inahusu nini).

Sasa yale majibu ya mstari mmoja. Najua yanauma, na mimi nimeyaandika mengi tu, Mungu anisamehe. Kwa ofisi nyingi za huku kwetu jibu la hivyo maana yake ni kwamba mtu alifungua, akasoma kurasa tatu au nne, akachungulia katikati, akashindwa kusema hiki ni kitabu gani. Ni cha watoto? Ni riwaya? Ni mkusanyiko wa ngano? Wewe umempa vitu vitatu ndani ya kiroba kimoja. Na ujue mchapishaji wa Tanzania au Kenya anapofungua mswada wa Kiswahili kuna swali linamkaa kichwani hata kama hakwambii: hiki kitaingia shuleni? Maana wanunuzi wakubwa wa vitabu kwetu ni shule, riwaya ikiteuliwa kusomwa sekondari inauza miaka na miaka, isipoteuliwa inategemea watu wachache wanaoingia duka la vitabu kwa hiari yao. Siipendi hali hiyo ila ndo ilivyo.

Kwa hiyo jambo la kwanza vitenganishe. Ngano za sungura na fisi ziweke kwenye faili lao, hizo ni kitabu cha watoto, kitabu kingine kabisa na soko lingine kabisa, na kwenye jalada utaandika zimesimuliwa upya na wewe, kwa sababu sungura hana mwenyewe lakini namna ulivyomsimulia wewe ni mali yako. Visa vya majini viweke pembeni vipumzike. Halafu ubaki na kile kisa cha bibi na mkonge.

Hicho ndicho riwaya mama.

Najuaje? Kwa sababu kwenye ngano zako mtu anakuwa na tabia moja tu, fisi mroho, sungura mjanja, sultani mkali, na inatosha kwa usiku mmoja, watoto wanacheka wanalala. Ila kwenye zile kurasa mbili za bibi yako kuna baba anayempenda mtoto wake na bado kamleta mahali pabaya, na wewe unaposimulia hujui umhukumu au umtetee, sauti inakwama kabisa nimeisikia kwenye maandishi. Pale unapokwama ndipo pa kukaa. Ngano inataka watu wajulikane, riwaya inataka watu wachunguzwe. Na uliniandikia kwamba kisa hicho hukitoi kwenye shughuli, unakitoa nyumbani tu tena sio mara nyingi. Basi na hilo ni jibu.

Tatizo ni kwamba kwenye kurasa 340 chenyewe kina 38 tu. Ukurasa wa kitabu cha saizi ya kawaida, ile ya A5, unabeba kama maneno 300, na riwaya ya watu wazima ikiwa na maneno elfu hamsini au sitini inashikika vizuri mkononi, yaani kurasa 170 mpaka 200. Wewe hadithi moja ya usiku inachukua labda nusu saa. Kwa kipimo chako basi riwaya ni usiku kumi na tano, ishirini, za hadithi ileile, na kila usiku lazima uishie mahali ambapo watoto watasema bibi endelea nawe unasema kesho. Hii sanaa unaijua kuliko mimi, vijana wengi wananiletea miswada hawajui kabisa kumkatia msomaji mahali pazuri.

Sasa twende kwenye karatasi yenyewe maana hapa ndo penye kazi. Nimechukua mistari mitatu kutoka kwenye zile sita, mjukuu kaichapa kama ilivyotoka mdomoni:

"Basi wakaja pale mtoni wakaona maji mengi hiviii, yule mtoto akamwangalia babake, babake akamwangalia mtoto, wakapanda chombo, wakaendaaa, wakaendaaa, wakaendaaa, mpaka ng'ambo. Wakashuka. Wakapokelewa. Wakapewa nyumba."

Nikifumba macho nakuona. Ile hiviii uliyotanua mikono, ile akamwangalia ulivyogeuza shingo huku na huku, na ile wakaendaaa uliyoivuta mpaka mtoto wa mwisho kule nyuma akaanza kusinzia kidogo. Shida ni moja, msomaji hana mikono yako, hana shingo yako, hana sauti yako. Kilichobaki kwenye karatasi ni mifupa, nyama uliondoka nayo wewe. Mjukuu hana kosa, alichapa maneno yote, ila maneno yalikuwa nusu tu ya hadithi, nusu nyingine ilikuwa mwili wako, na nusu nyingine tena (najua hesabu haikai sawa) walikuwa wale watoto waliokujibu pakawa ulipowaambia paukwa.

Kwa hiyo kila ulipotumia mwili tafuta kitu cha kuonekana ukiweke pale. Maji mengi hiviii, mengi kama nini? Yalikuwa na rangi gani siku hiyo, mto ulikuwa umejaa udongo au bahari ilikuwa inapanda? Mtoto aliogopa nini hasa? Baba alishika nini mkononi? Chombo kilinuka nini? Bibi yako alikwambia mengine, mengine utayatunga, riwaya inakuruhusu. Hebu ngoja nikutungie moja haraka kukuonyesha tu, sio uitumie:

"Mashua ilijaa mpaka maji yakawa yanalamba ukingo. Baba alivua kofia, akakitia kipande chake ndani, akaivaa tena na kuikandamiza kwa mkono mmoja. Mkono wa pili alinishika mimi. Mkondo ulipotukamata katikati nilihisi vidole vyake vikilegea. Nikatazama juu. Ule mkono wa kofia haukulegea."

Kipande nadhani unakijua, ile kadi ya kazi waliyopewa manamba, imechorwa siku thelathini, na siku inahesabiwa ukimaliza kazi uliyopangiwa, usipomaliza haipigwi alama. Mtu aliyesafiri kutoka mbali kwa ajili ya kadi ile ataishikilia. Sasa angalia, sijasema baba alikuwa mbaya wala alikuwa masikini, sijasema mtoto aliumia, nimesema mkono tu. Msimulizi wa baraza anaweza kusema "masikini yule mtoto!" akapiga na kofi, hadhira ikaitikia, inanoga. Kwenye karatasi ukimwambia msomaji amhurumie anakataa, mpe mkono ule ataona mwenyewe.

Kingine, na hiki wahariri tunakiona kila siku kwa watu waliotoka kwenye kusimulia, ni ile -ka-. Wakaja wakaona wakapanda wakashuka wakapokelewa wakapewa. Mdomoni -ka- ni ngoma, inabeba hadithi, huwezi kuiacha. Kwenye ukurasa zikifuatana ishirini msomaji anachoka hata hajui kimemchosha nini, kwa sababu kila tendo linakuwa na uzito sawasawa na jenzake, kupewa nyumba sawa na kushuka chomboni. Zivunje. Weka -li- pale jambo linapoanza upya, weka -ki- jambo moja likiendelea ndani ya lingine, vidole vikilegea, watu wakipiga kelele, weka hu- kwa yale ya kila siku pale kambini, filimbi hupigwa alfajiri, wanawake huamka kabla yake. Halafu ukiiweka -ka- baada ya hayo itapiga kama jiwe. Rudi kwenye kile kipande changu uone, baada ya kofia kukandamizwa nimeiweka mahali pamoja tu, nikatazama juu.

Ila usije ukanisoma vibaya ukaenda kuandika kama barua ya serikali! Hilo ndo kosa la upande wa pili na kwa kweli ni baya zaidi. Nimeshapokea mswada wa mzee mmoja, mdomoni ni moto, akishika kalamu anaandika "ilibainika kwamba mhusika alikumbwa na changamoto", nikamwambia baba nani alikufundisha hivi, akasema nilidhani kitabu kinatakiwa kiwe hivyo. Hapana. Chubwi iache iwe chubwi, giza liwe totoro, kimya kiwe ji. Wimbo uliopo katikati ya hadithi uache, uandike mistari yake yote, usiseme "akaimba wimbo wa huzuni".

Lugha ya kwenu nayo umeniuliza. Kule mna lahaja yenu ya Kimtang'ata na mjukuu amejitahidi kukisafisha chote kiwe sanifu kwa sababu kasoma shule. Mwambie asisafishe maneno ya watu wanapoongea. Msimulizi wa riwaya aongee Kiswahili ambacho mtu wa Mwanza na wa Nakuru atakifuata, lakini bibi wa kambini akifungua mdomo aongee kama alivyoongea, na wale manamba waliotoka bara waongee kile Kiswahili chao cha kuokoteza, kambi za mkonge zilikuwa na watu wa kila kabila na walikutania kwenye Kiswahili hichohicho kibovu. Waandishi wa Unguja hawajawahi kuomba radhi kwa Kiunguja chao na tunawasoma shuleni. Mhariri akikubadilishia neno la kwenu muulize kwanini, akiwa na sababu mkubalie, akisema tu halipo kwenye kamusi mgomee.

Kuhusu ukweli wa mambo, fanya utafiti kidogo, usiniulize utafiti wa chuo kikuu, nasema kuuliza wazee wenzio waliowahi kukata mkonge, brashi, ile mashine ya kusafishia uzi, inafanyaje kazi, mkono unawasha vipi ukiguswa na maji ya jani, uzi unaanikwa wapi, chakula cha posho kilikuwa nini. Dar es Salaam kuna Nyaraka za Taifa, mjukuu akipata nafasi aende. Na uko mahali penyewe kabisa: mkonge uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, miche elfu moja kutoka Florida kule Marekani, iliyofika hai ikawa 62 tu, na ikapandwa Kikogwe, ng'ambo yenu hapo. Miche sitini na mbili! Kutoka kwenye hiyo ndo likaja lile bahari la mkonge lililomvuta babu yako mkubwa. Mi nikiwa wewe hiyo lazima iingie mahali, sio kama somo la historia, labda kuna mzee pale kambini anaijua na anaisimulia kila akilewa, kila mara namba anaibadilisha.

Na hapo ndipo zile ngano zako zinaporudi kwa mlango wa nyuma. Kambini kuna watoto, usiku kuna moto, kuna mtu anasimulia. Huyo msichana wako alijifunza hadithi pale, si ndio? Basi weka ngano mbili au tatu ndani ya riwaya, fupi, kila moja ikiwa na kazi, tuseme usiku ule baba hajarudi ndo inasimuliwa ile ya zimwi. Alfu lela u lela imejengwa hivyohivyo, hadithi ndani ya hadithi, lakini kuna uzi mmoja, yule mwanamke anayemsimulia mfalme asipomaliza vizuri usiku wake asubuhi anakatwa kichwa. Bila uzi wa hivyo una kiroba tu.

Kuna jambo la ndugu pia, nisilirukie. Ukiandika habari ya bibi kuna mjomba atakuja juu, umetuvua nguo. Badilisha majina, badilisha kijiji alikotoka, unganisha watu wawili wawe mmoja. Andika "riwaya" juu yake na simama hapo.

Namna ya kufanya kazi yenyewe, usijilazimishe kukaa mezani na kalamu kama hujazoea. Endelea kumsimulia mjukuu, ila usiku mmoja sehemu moja, na simu irekodi na maswali ya wasikilizaji. Hayo maswali ni dhahabu. Mtoto akiuliza "mamake alikuwa wapi?" basi hujamwandika mama, umemsahau, na msomaji atauliza hivyohivyo halafu hana wa kumjibu. Ukiona wamesinzia mahali fulani siku mbili mfululizo pakate. Kesho yake mjukuu akusomee alichochapa kwa sauti, wewe ukiwa umekaa kimya umefunga mikono, marufuku kuitumia mikono, na kila ukijisikia kutaka kuinyanyua msimamishe, hapo pana kitu hakijaandikwa. Mi nimeshamfanyia hivi mwandishi mmoja tukafunga mikono yake kwa khanga, tulicheka sana lakini sura ilipatikana.

Mjukuu mpatane mapema, kazi yake ni ya kuchapa na kusaidia, atatajwa kwenye shukrani, na mkipata hela anapata kiasi gani, kiandikwe hata kwenye daftari. Na kopi iwe sehemu tatu, kompyuta, flashi, na ajitumie mwenyewe kwa imeili kila Jumapili. Nimeona watu wakilia kwa sababu ya flashi.

Haya tuseme mwaka na nusu umepita mswada upo, umeandikwa mara tatu (ndio, tatu, ya kwanza huwa ni ya kujua hadithi inahusu nini). Unaupeleka wapi. Mimi kwa mtu kama wewe ambaye hana mtu anayemjua kwenye ofisi yoyote ningeanza na mashindano, na sio jambo la juzi hili. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyekuwa bwana afya halafu mhariri wa gazeti, aliingiza Mzimu wa Watu wa Kale kwenye shindano la Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki la mwaka 1957 na 1958, akashinda, 1960 kikatoka kitabu, na Bwana Msa, yule mpelelezi wake, tunaye mpaka leo. Siku hizi kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa mara ya kwanza 2023, riwaya imo. Kuna na ile ya Safal, zamani ikiitwa Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014, inapokea miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa, hela yake imetoka kwenye mabati ya kuezekea kwa hiyo ukipita mahali ukaona nyumba imepauliwa vizuri useme asante. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno, idadi ya maneno, jina lako lisiwepo ndani ya mswada kama wamesema lisiwepo, miswada inatupwa kwa vitu vidogo hivyo. Usiposhinda bado kuna mtu mwenye macho ameisoma mpaka mwisho, na ukiingia hata kwenye orodha ya mwisho unaitaja kwenye barua kwa mchapishaji.

Barua hiyo iwe ukurasa mmoja. Hadithi inahusu nani na anataka nini, sentensi tatu nne. Ina maneno mangapi. Wewe ni msimulizi wa Pangani unayeitwa mashuleni, hiyo mtaje, mchapishaji anapenda mtu anayeweza kusimama mbele ya watu akauza kitabu chake, waandishi wengi wanaogopa kipaza sauti. Na sura tatu za mwanzo, sio kurasa 340.

Vijana watakwambia tupia kwenye Facebook na magrupu ya WhatsApp kila siku sehemu moja, sehemu ya ishirini mpaka mwisho lipia elfu mbili. Sio wabaya, hadithi za mfululizo magazetini zimelea wasomaji wengi wa Kiswahili na zile za simu zimeshika palepale. Ila ikishasambaa kuna mtu ataikopi aweke jina lake, na tuzo nyingi zinataka kitu ambacho hakijatoka popote. Kwa hiki kisa cha bibi mi ningesubiri. Vile visa vya majini vilivyopumzika, hivyo tupia, upate wasomaji wa kukungojea.

Kwenye hela fungua macho. Mchapishaji wa kweli hakuombi hela, yeye ndo anaweka hela yake. Anayekuomba "mchango wa uhariri na jalada" huyo ni mtu wa kupiga chapa, sio mwizi lazima, ila ujue unanunua huduma na vitabu ni vyako vyote viletwe kwako. Nilikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, sehemu ya kiinua mgongo alichapishia nakala elfu moja, hana duka, hana gari, akaziweka chini ya kitanda, mwaka wa pili mchwa wakaanza kusoma. Ukiamua kujichapishia mwenyewe anza na nakala mia, ISBN (ile namba ya kukitambulisha kitabu) unachukua Bodi ya Huduma za Maktaba, na uuze kwenye hizo shughuli unazoitwa.

Mkataba ukija, usisaini siku hiyohiyo hata kama wamekununulia soda. Mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, kwetu mara nyingi ni asilimia kumi, sasa kumi ya nini? Kitabu kinauzwa 15,000 dukani, asilimia kumi ya bei ya jalada ni 1,500 kwako. Lakini kama imeandikwa "ya mapato halisi" na duka limepewa punguzo la asilimia thelathini, mchapishaji amepokea 10,500 na wewe unapata 1,050. Neno moja tu hilo. Angalia na wapi wameandika "haki zote". Mimi nikiwa na miaka ishirini na nne niliandika kijitabu cha watoto, nikapewa hela taslimu nikaona nimetajirika, nikasaini haki zote milele, kile kijitabu kimepigwa chapa sijui mara ngapi na mimi nakinunua dukani kama mtu mwingine yeyote nikitaka kumpa mtoto zawadi. Haki ya filamu na ya tafsiri zibaki kwako au ziandikwe mgao wake peke yake. Usicheke filamu. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilitoka 1999, filamu yake ikaja 2021, miaka ishirini na mbili baadaye, na aliyekuwa na karatasi yake sawa ndo anacheka.

Mswada ukikubaliwa utarudishiwa umejaa alama nyekundu kila ukurasa. Usikasirike, na usikubali zote. Mhariri ana haki juu ya koma na juu ya mahali hadithi inapolegea, hana haki juu ya bibi yako.

Nitumie kwanza ile sura ya mtoni ikishaandikwa upya, kurasa kumi zinatosha, kuanzia wanaposhuka ng'ambo mpaka usiku wa kwanza kambini, na nataka nijue mama wa yule msichana alikuwa wapi maana na mimi nimeuliza kama watoto. Na mjukuu asizifute zile rekodi hata mkishamaliza kuchapa, hiyo wakaendaaa nataka kuisikia ilivyo.